Ziro ya bunduki: Kwa nini unalenga chini, risasi inatua juu?

Kuna jambo linalowachanganya makuruta wengi siku ya kwanza kwenye uwanja wa shabaha. Kuruta analala chini, anaegemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga na kulenga ukingo wa chini wa kiboksi cheusi kilicho mita 100 mbele yake. Anafyatua. Wanapokwenda kuangalia ubao, tundu liko juu ya pale alipolenga kwa robo mita nzima.

Kuruta anadhani amekosea, lakini mkufunzi anatikisa kichwa na kusema iko sawa.

Wote wawili wana sababu zao. Bunduki hiyo imewekwa ili jicho na risasi vikutane mita 300, na kwa hiyo kwenye mita 100 lazima ipige juu. Kazi ya kuiweka hivyo ndiyo inaitwa kuweka ziro. Kila askari, awe wa Lugalo, Mgulani au Kurasini, anatakiwa aielewe kabla hajakabidhiwa silaha ya kutembea nayo mtaani.

Makala hii inaeleza ziro ni nini, inawekwaje kwenye bunduki yenye vilengeo vya chuma (yaani isiyo na darubini), na inabadilikaje umbali unapobadilika. Mfano mkuu ni bunduki ambayo Watanzania wanaiita SMG, kwa kuwa ndiyo inayoonekana zaidi mikononi mwa askari wetu.

Kwanza, jina "SMG"

Ukisoma taarifa za polisi utakuta "bunduki aina ya SMG". Mara nyingi hapo inazungumzwa AK-47 au ndugu yake wa Kichina, Type 56. Wachina waliiweka bunduki hiyo kwenye kundi la bunduki ndogo za rashasha, na vifupisho vya jina la kundi hilo kwa Kiingereza ni SMG.

SAR nayo ni bunduki ya nusu-otomatiki. Inafyatua risasi moja kila unapobonyeza kifyatulio, kama ilivyo kwa SKS. AK na SKS zinatumia risasi ya aina moja, ya milimita 7.62 kwa 39. Kwa hiyo mengi yanayosemwa hapa kuhusu njia ya risasi yanazihusu zote mbili.

Hizi ni silaha za kivita, sio za raia. Raia anayetaka silaha ya kujilinda au ya kuwinda anaomba kibali kupitia Jeshi la Polisi, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Lakini kanuni ya ziro ni ile ile hata kwa bunduki ya mwindaji mwenye kibali.

Risasi haiendi mstari ulionyooka

Hapa ndipo penye kiini cha habari yote.

Watu wengi wanadhani risasi inakwenda kama mwanga wa tochi. Sivyo. Ikitoka tu kwenye mtutu inaanza kuvutwa chini na uzito wake, sawasawa na jiwe ulilolirusha. Tofauti ni kasi tu. Risasi ya AK inatoka kwa takriban mita 715 kwa sekunde, kwa hiyo inafika mbali kabla haijashuka sana. Lakini kushuka inashuka.

Tuone ni kiasi gani. Risasi hiyo inatumia kama sekunde 0.15 kufika mita 100, na katika muda huo inashuka kama sentimita 11. Kufika mita 200 inatumia zaidi kidogo ya theluthi moja ya sekunde, na imeshashuka zaidi ya nusu mita. Kufika mita 300 imetumia zaidi ya nusu sekunde, na imeshuka kiasi cha mita moja na zaidi ya theluthi.

Umbali ukiongezeka mara tatu, risasi haishuki mara tatu. Inashuka mara kumi na zaidi. Sababu ni kwamba kadiri inavyokaa hewani ndivyo inavyozidi kuanguka kwa kasi, na hewa nayo inazidi kuipunguza mwendo.

Sasa kama mtutu ungelala sambamba na mstari wa jicho, risasi isingefika kamwe pale unapoangalia. Ndiyo maana vilengeo vinatengenezwa ili unapolenga, mtutu uinuke kidogo. Risasi inaanzia chini ya mstari wa jicho (kwa kuwa mtutu uko chini ya vilengeo), inaupanda, inapita juu yake, halafu inashuka na kuukuta tena mbele.

Kwa hiyo mstari wa jicho na njia ya risasi vinakutana mara mbili. Mara ya kwanza ni karibu kabisa, mara ya pili ni mbali. Pale pa mbali ndipo panapoitwa umbali wa ziro.

Vilengeo viwili, kazi mbili

Bunduki ya vilengeo vya chuma ina sehemu mbili za kulengea.

Kilengeo cha mbele ni kile kinundu chembamba kilichosimama karibu na mdomo wa mtutu. Kwenye AK kinundu hicho kina hesi, hivyo kinaweza kuzungushwa kikapanda au kikashuka. Kitako chake kinaweza pia kusogezwa kushoto au kulia kwa kifaa maalumu.

Kilengeo cha nyuma ni bapa lenye mkato juu yake, na bapa hilo lina kitelezi chenye namba. Kwenye AK-47 namba zinaanzia 1 mpaka 8, na kwenye AKM zinafika 10. Namba 1 ni mita 100, namba 3 ni mita 300, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ukisogeza kitelezi mbele, bapa linainuka. Ili uendelee kulenga inabidi mtutu uinuke nao, na risasi inakwenda mbali zaidi.

Nyuma ya namba 1 kuna alama moja ya pekee. Kwenye bunduki za Urusi ni herufi П. Ukiweka kitelezi hapo ni sawa na kuweka namba 3, yaani mita 300. Hiyo ndiyo alama ya kudumu, ile ambayo askari anaiacha anapokuwa hajui adui atatokea umbali gani.

Kwa ufupi, kilengeo cha mbele ni cha kuweka ziro, na ukishaweka unakiacha. Kilengeo cha nyuma ni cha kubadilisha umbali, na unakigusa kila inapobidi. Anayechanganya kazi hizi mbili anaharibu zote.

Kwa nini mita 300?

Swali zuri. Historia ina jibu, na sehemu yake iko hapa hapa Kinondoni.

Kambi ya Lugalo, kando ya Barabara ya Bagamoyo, zamani iliitwa Colito. Jina la sasa linakumbusha vita vya Lugalo, kule Iringa, tarehe 17 Agosti 1891. Siku hiyo Wahehe wa Mkwawa waliuvamia msafara wa Wajerumani ulioongozwa na Emil von Zelewski. Msafara ulikuwa na bunduki za kisasa za wakati ule na hata mizinga. Wahehe wengi walikuwa na mikuki. Lakini walijificha karibu na njia, wakatoka kwa ghafla, na Zelewski mwenyewe akauawa. Bunduki inayofika mbali haina faida kubwa kama adui yuko hatua chache na hujapata hata nafasi ya kuinua kitako begani.

Pamoja na masomo kama hayo, majeshi ya Ulaya yaliendelea kuamini umbali mrefu. Bunduki za Lee-Enfield walizobeba Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia zilikuwa na namba za kulengea mpaka yadi 2,000. Mauser 98 ya Kijerumani ilifika kipindi ambacho namba yake ndogo kabisa ilikuwa mita 400. Maana yake, askari anayempiga mtu aliye mita 100 alilazimika kulenga chini makusudi, la sivyo risasi inapita juu.

Baadaye wataalamu waliangalia mapigano yenyewe yalivyokuwa, wakakuta askari wa miguu mara nyingi wanapigana ndani ya mita 300 au 400. Risasi fupi kama ya AK, na bunduki yenyewe iliyoanza kutumika jeshi la Kisovieti mwaka 1949, zilitokana na fikra hiyo. Ndiyo maana alama ya kudumu ikawekwa mita 300.

Hesabu yake ni hivi. Bunduki ikiwa na ziro ya mita 300, risasi haipandi juu ya mstari wa jicho zaidi ya sentimita 30 na kidogo kati ya hapo ulipo na mita 300. Kwa hiyo ukilenga katikati ya mwili, popote alipo mtu ndani ya umbali huo, utampata bila kugusa kitelezi. Kwa shabaha yenye urefu wa nusu mita, ambayo ni kama kifua, ukilenga chini yake, hali hiyo inafika mpaka mita 350 hivi.

Yaani ziro ni mapatano. Unakubali kupiga juu kidogo karibu ili usipige chini sana mbali.

Umbali mmoja mmoja: risasi inatua wapi?

Tuseme bunduki ni AK, ziro imewekwa vizuri, kitelezi kiko kwenye namba 3. Ukilenga nukta moja, matokeo yanakuwa kama hivi:

– Mita 25: sentimita chache juu.
– Mita 100: kama sentimita 25 juu.
– Mita 200: kama sentimita 30 juu.
– Mita 300: pale pale ulipolenga.
– Mita 400: zaidi ya nusu mita chini.

Ukishusha kitelezi mpaka namba 1, picha inabadilika. Mita 100 risasi inatua pale pale, lakini mita 200 inatua robo mita chini, au zaidi. Kwa hiyo namba 1 ni nzuri kwa kazi ya karibu inayohitaji usahihi, lakini haisamehi ukikosea kukadiria umbali.

Kukadiria umbali ni kazi nyingine ya kujifunza. Njia rahisi kwa mtu wa Dar ni kutumia kiwanja cha mpira. Kiwanja cha Benjamin Mkapa kule Temeke kina urefu wa mita 105 kutoka goli hadi goli. Ukiweza kuona kichwani viwanja vitatu vimepangwa kimoja baada ya kingine, umeshaipata mita 300 na ushee. Wengi wakiambiwa waonyeshe mita 300 mtaani wanakosea.

Kuweka ziro hatua kwa hatua

Kazi hii inafanyika kwenye uwanja rasmi wa kulenga shabaha tu, kama ule wa Kunduchi, chini ya mkufunzi na kwa amri zake. Haifanyiki shambani, haifanyiki ufukweni, wala nyuma ya nyumba kule Chanika au Kigamboni kwa kuwa "hakuna watu".

1. Kagua silaha. Mtutu uwe safi na mkavu, bila mafuta ndani. Kilengeo cha mbele kisicheze. Bapa la nyuma lisiwe limepinda. Kama kitu kinacheza, usiweke ziro. Peleka kwa fundi wa silaha kwanza.

2. Tumia risasi za aina moja, kutoka boksi moja ikiwezekana. Risasi za viwanda tofauti zinaweza kutua sehemu tofauti hata kama bunduki ni ile ile.

3. Andaa shabaha. Utaratibu wa kawaida wa AK ni ubao mweupe wenye kiboksi cheusi cha sentimita 35 kwenda juu na sentimita 25 upana, mita 100 mbele. Unalenga katikati ya ukingo wa chini wa kiboksi. Sentimita 25 juu ya pale unapolenga panawekwa alama: hapo ndipo risasi zinatakiwa kutua. Kitelezi kinakuwa namba 3.

4. Lala chini na egemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga. Lengo ni kuipima bunduki, sio ubavu wako.

5. Fyatua risasi nne, moja moja, bila haraka, ukilenga pale pale kila mara. Usifuate tundu la kwanza. Ukianza kurekebisha kichwani baada ya risasi ya kwanza, umeshaharibu kipimo.

6. Angalia kundi la matundu. Risasi zote nne, au angalau tatu, zinatakiwa kuingia kwenye duara la sentimita 15. Kama zimetapakaa ubao mzima, usiguse kilengeo. Tatizo hapo ni mpigaji, au risasi, au silaha imechoka. Kurekebisha kilengeo kwa matundu yaliyotapakaa ni sawa na kupima nguo mtoto anayecheza.

7. Tafuta kitovu cha matundu. Chukua mawili, yaunge kwa mstari, weka alama katikati. Kutoka alama hiyo vuta mstari mpaka tundu la tatu, ugawe mara tatu, na uweke alama kwenye theluthi iliyo karibu na yale mawili ya kwanza. Kutoka hapo vuta mpaka tundu la nne, ugawe mara nne, na uchukue robo iliyo karibu na alama uliyotoka. Hapo ndipo kitovu.

8. Pima kitovu kiko umbali gani kutoka kwenye alama ya juu. Kikiwa ndani ya sentimita 5 upande wowote, bunduki ni nzima. Acha. Kikizidi hapo, rekebisha.

Kurekebisha: fuata kosa

Kanuni ya kilengeo cha mbele ni moja na ni rahisi kuikumbuka: kisogeze kule kule risasi zilikokosea.

Risasi zimetua chini? Shusha kinundu, yaani kizungushe kiingie ndani. Zimetua juu? Kipandishe. Zimekwenda kushoto? Sogeza kitako cha kilengeo kushoto. Kulia? Kulia.

Inaonekana kama kinyume, lakini fikiria kidogo. Ukikishusha kinundu, jicho linalazimika kuinua mtutu ili kinundu kirudi kwenye mkato wa nyuma. Mtutu ukiinuka, risasi inapanda. Kwa kilengeo cha nyuma ni tofauti: hicho unakisogeza kule unakotaka risasi iende.

Vipimo vya AKM viko hivi. Mzunguko mmoja kamili wa kinundu unahamisha risasi sentimita 20 kwenye mita 100. Kusogeza kilengeo cha mbele milimita 1 pembeni kunahamisha risasi sentimita 26 kwenye mita 100.

Mfano. Kitovu kimepatikana sentimita 10 chini ya alama na sentimita 13 kushoto. Shusha kinundu nusu mzunguko: risasi zitapanda sentimita 10. Sogeza kilengeo kushoto nusu milimita: risasi zitarudi kulia sentimita 13. Halafu fyatua nne nyingine kuhakikisha. Usihesabu kazi imekwisha mpaka ubao useme.

Baada ya hapo, alama ya mstari inachorwa kwenye kitako cha kilengeo ili mtu akikigusa ijulikane. Na inaandikwa kwenye kumbukumbu: namba ya silaha, tarehe, risasi zilizotumika.

Kosa dogo kwenye jicho, kosa kubwa mbele

Milimita 1 kwa sentimita 26. Hesabu hiyo inatisha ukiifikiria vizuri.

Umbali kati ya vilengeo viwili vya AKM ni milimita 378 tu. Kwa hiyo kinundu kikikaa milimita 1 pembeni ya katikati ya mkato wakati unafyatua, kwenye mita 100 umekosa kwa sentimita 26, na kwenye mita 300 umekosa kwa karibu sentimita 80. Hiyo inamkosa mtu mzima kabisa. SKS ina vilengeo vilivyoachana zaidi, milimita 480, ndiyo maana kosa lile lile linapungua mpaka sentimita 21 kwenye mita 100.

Ndiyo maana wakufunzi wanarudia kila siku: angalia kinundu cha mbele. Jicho haliwezi kuona wazi mkato wa nyuma, kinundu na shabaha kwa pamoja. Kinundu kiwe wazi kabisa, shabaha iwe na ukungu kidogo. Wanaofanya kinyume wanakosa halafu wanalaumu silaha.

Hata kwenye Olimpiki, wapigaji wa bunduki kwenye mita 10 na mita 50 hawatumii darubini. Wanatumia vilengeo vya kutazamia kwa jicho tu, vyenye matundu badala ya mkato, na mazoezi ya miaka.

Jua la pwani nalo linahusika. Likipiga kinundu kutoka kulia, upande huo unang'aa, na jicho linaelekea kuuchukua ule mng'ao kama ndio katikati. Risasi zinakwenda kushoto. Likipiga kutoka kushoto, zinakwenda kulia. Kinundu kilichochubuka rangi kikabaki chuma cheupe kina tatizo hili zaidi, na chumvi ya bahari inaharakisha kuchubuka na kutu. Dawa ni kukirudishia weusi wake na kuweka ziro wakati jua halijakaa pembeni sana.

Hatari iko kwenye kitelezi

Ziro nzuri inaweza kuharibiwa na kidole kimoja.

Chukua askari anayepokea zamu ya lindo saa mbili usiku mahali kama Mbagala au Tandika. Bunduki aliyopewa ilikuwa kwa mwenzake. Kitelezi kimesogea, labda wakati wa kusafisha, labda kimegongwa kwenye gari, kiko namba 8. Yeye hakuangalia.

Akilenga mtu aliye mita 100, risasi itapita zaidi ya mita moja na nusu juu ya pale alipolenga. Inapita juu ya kichwa cha mtu. Na risasi iliyokosa haipotei hewani. Ya AK inaweza kusafiri mpaka kilomita 3. Hiyo ni kama kutoka Mwenge, kupita Makumbusho, mpaka maeneo ya Victoria. Kwa mitaa yetu, kati hapo kuna nyumba za bati, vibanda vya chipsi, vituo vya daladala na watoto waliolala.

Kwenye pori la mafunzo, kosa la kitelezi ni alama mbaya kwenye karatasi ya matokeo. Mtaani ni msiba wa familia isiyohusika na chochote.

Kwa hiyo ukaguzi wa kitelezi unatakiwa uwe sehemu ya kupokea silaha, sawa na kuhakikisha chemba haina risasi. Mtutu ukielekea mahali salama: toa magazini, kagua chemba, angalia kitelezi kiko alama gani, angalia mstari wa rangi kwenye kilengeo cha mbele uko palepale. Haichukui dakika moja.

Ziro inatakiwa kurudiwa lini?

Ziro haidumu milele. Kuna nyakati ambazo bunduki inatakiwa kurudishwa uwanjani:

– Imekabidhiwa mtu mpya wa kudumu nayo. Macho na namna ya kuweka shavu kwenye kitako vinatofautiana.
– Imeanguka vibaya au imegongwa kwenye vilengeo.
– Imetengenezwa au kubadilishwa kifaa chochote cha mtutu au vilengeo.
– Risasi zimebadilishwa aina.
– Imekaa muda mrefu ghalani bila kutumika.
– Bayoneti imefungwa au kuondolewa, kama kazi inataka iwe tofauti na ilivyokuwa siku ya ziro.
– Matundu yameanza kwenda upande mmoja bila sababu inayoeleweka.

Jambo moja la mwisho ambalo linaonekana dogo. Usikubali mtu akurekebishie kilengeo kwa nyundo na msumari kwa kuwa "inapiga kushoto kidogo". Kuna kifaa chake, kuna uwanja wake, na kuna ubao wa kuthibitisha. Kilengeo kilichogongwa bila kupimwa kinaweza kuhama milimita 1 bila mtu kuona, na tayari umeshajua milimita 1 inafanya nini kwenye mita 300.

Kwa kifupi

Risasi inapanda halafu inashuka, na inakutana na jicho mara mbili. Ziro ni kuchagua mahali pa kukutana kule mbali. Kwa SMG mahali hapo ni mita 300, ndiyo maana kwenye mita 100 inapiga juu robo mita na bado iko sawa. Kilengeo cha mbele kinawekwa mara moja na kufuata kosa, cha nyuma kinafuata umbali. Na kabla ya kubeba silaha kwenda lindo, angalia kitelezi.